Futari ya Mestre

Mwaka 2015 Ramadhani iliangukia Juni, na ikatukuta Ulaya, sisi wanafunzi wa ufundi kutoka Lamu. Waliotualika walikuwa watu wanaopenda majumba ya kale, si watu wa kutazama kalenda yetu, nasi viza zilipotoka hatukuthubutu kuwaomba wabadilishe tarehe. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Shabaha ilikuwa tukaone wenzetu wanavyotunza kuta zao, Paris kisha Venice, halafu turudi tukazipake chokaa zetu. Tulikuwa kumi na wanne, na Maalim wetu.

Lamu jua halina vituko. Mwaka mzima magharibi huingia mnamo saa kumi na mbili na robo, likizidi au kupungua ni dakika chache. Paris mwezi wa Juni jua huzama karibu na saa nne za usiku. Ukishafuturu, ukasali, ukajinyoosha kidogo, alfajiri nayo iko mlangoni na daku hujala. Maalim alitukusanya siku ya kwanza akasema, "Msafiri ana ruhusa. Kuleni, mtalipa nyumbani." Hakula hata mmoja. Msidhani ni uchaji mtupu. Kijana wa Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, aliusema ukweli wa wengi: nani anataka kufunga peke yake mwezi wa Shawwal, mtaa mzima unapika biriani?

Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka Paris tulikuwa watu wenye njaa, usingizi na masanduku. Stesheni ya Gare de Lyon ina kumbi mbili kubwa. Katika moja njia za treni zimepewa herufi, katika nyingine nambari, na ubao hautangazi njia yako mpaka wakati umeshakaribia. Nusu yetu walisimama ukumbi wa herufi, nusu wa nambari, na Maalim akawa mkimbiaji wa katikati, tiketi na pasipoti zote zimo katika mkoba aliouning'iniza shingoni. Hakutaka kumkabidhi mtu yeyote karatasi yake. Mimi naona kila lililotufika siku ile lilitoka ndani ya mkoba ule, lakini nani angemwambia? Tuliingia treni mlango unajifunga, na sanduku la Mmatondoni, mwenzetu wa kijiji cha Matondoni, nusura libanwe mlangoni pamoja na mguu wake.

Mpaka Milano ni kama saa saba. Milima ya Alps iliyopita dirishani nimeelezwa kuwa ni mizuri. Mimi nililala.

Milano ndiko mambo yalikoanza kuchachuka. Treni ya kutoka Paris ilituteremsha Porta Garibaldi, na ya kwenda Venice inaondokea Centrale, stesheni nyingine kabisa. Kwa treni ya chini ya ardhi ni vituo viwili tu, ukipanda upande unaotakiwa. Watatu wetu walipanda wa pili. Treni za Ulaya hazina uungwana wa mashua ya Mokowe, ya kuvukia bara, inayosubiri ijae, na ikijaa ikamsubiri tena mwenye kuku. Tulipokutana Centrale ilikuwa ni kuruka ndani ya behewa lolote lililo wazi, na hivyo tukagawanyika, wengine mbele, wengine nyuma. Kikapu cha futari kilikuwa na dada mmoja wa Langoni, mtaa wa mjini Lamu. Tende, sambusa tulizonunua Paris, maji, vyote vilikuwa mikononi mwake, maana hakumwamini mwanamume yeyote karibu na chakula kabla ya adhana. Yeye alikuwa behewa la nyuma.

Hesabu ya Maalim ilikuwa safi: tushuke Venice dakika chache kabla ya magharibi, tufungue kikapu pale pale. Asichotwambia ni kwamba Venice ina stesheni kubwa mbili zenye jina hilo. Moja ni Venezia Mestre, iliyo bara. Nyingine ni Venezia Santa Lucia, iliyo kisiwani. Treni iliposimama Mestre, saa tatu inakaribia, dada wa Langoni aliliona neno Venezia ubaoni, akaliona jua, akasema, "Haya, teremkeni." Wakateremka sita. Mimi nilikuwa behewa la mbele, na nilichokiona dirishani ni kile kikapu kikitembea zake nje, kimebebwa vizuri kabisa, huku milango ikijifunga.

Kutoka hapo treni hupita juu ya maji, kwenye daraja lililojengwa 1846. Hakuna aliyelitazama.

Tulioshuka penye haki tukakaa kwenye ngazi za Santa Lucia, mfereji mkubwa chini yetu, kanisa lenye kuba la kijani ng'ambo. Simu ya Mshela ikaadhini. Tukafuturu kwa chupa moja ya maji iliyokwisha pata joto, ikipita mkono kwa mkono. Maalim hakungoja hata zamu yake. "Msiondoke hapa," akasema, akarudi ndani kupanda treni ya Mestre akawatafute.

Mmatondoni, mwana wa mafundi wa majahazi, njaa haikumziba mdomo. Alitueleza kwamba majumba yale yote yamesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa ndani ya matope, na kwamba ndani ya tope pasipofika hewa mti hauozi. Akayatazama mashua yanayopita yamebeba makasha ya soda na mashuka ya hoteli, akasema, "Hawa nao hawana magari, ila hawakubahatika punda." Tukacheka, tumbo likauma zaidi.

Baada ya kitambo wale sita wakatokea ndani ya stesheni wakitembea polepole, kama watu waliotoka arusini. Maalim hakuwa nao. Walipishana naye njiani. Mestre ina Wabangladeshi wengi, na karibu na stesheni mwenye duka mmoja aliwaona wasichana wenye buibui wameduwaa na kikapu, akawaita. Ndani ya duka watu wa msikitini walikuwa wametandika magazeti chini. Wakawapa dengu, biringanya za kukaanga, bisi za mchele, na bajia. "Bajia za moto," dada wa Langoni akasisitiza. Kikapu walikirudisha hakijafunguliwa.

Tulikifungua sisi. Sambusa zilikuwa baridi na kikapu kilikuwa kimezibana zikawa chapati. Tulikula bila kuwaangalia usoni.

Maalim alirudi saa tano imekaribia. Alikuwa hana haraka. Mkononi alikuwa na karatasi yenye mafuta, imekunjwa.

"Maalim, umefuturu?" Mshela akauliza.

Akafuta mdomo kwa leso. "Simameni tuhesabiane."

Tukahesabiana, tukatimia. Mshela akataka kujua kama iko treni nyingine ya kwenda Mestre usiku ule.