Kutoka Barabara ya 7 hadi Westwood, kuifuata tuzo ya Wooden

Jengo la Los Angeles Athletic Club liko Barabara ya 7, katikati ya jiji, na asilimia kubwa ya wapita njia hawaligeukii. Ni la ghorofa 12, lilifunguliwa mwaka 1912, na bwawa lake la kuogelea liko ghorofa ya sita, jambo ambalo Kusini mwa California ya wakati huo lilikuwa kioja. Klabu yenyewe ni kongwe kuliko jengo, ilianza mwaka 1880.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma huko, alishaniambia kwamba pale ni pa wanachama.

"Shangazi, tutaishia barabarani."

"Barabarani panatosha, Baba."

Amerithi jina la marehemu baba yangu, ndiyo maana namwita hivyo, na kwa kuwa namwita hivyo hawezi kunikatalia kitu. Tukasimama upande wa pili wa barabara, nikapiga picha zangu, naye akanishikia mkoba.

Nilichokifuata ni tuzo. Klabu hii ndiyo iliyoanzisha Tuzo ya John R. Wooden, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Si tuzo ya pekee ya aina hiyo, maana Wamarekani hawashibi vikombe: waandishi wa kikapu wana ya kwao tangu 1959, ambayo leo ina jina la Oscar Robertson, shirika la habari la AP lina ya kwake tangu 1961, na Atlanta wana ya Naismith tangu 1969. Lakini mimi ya Wooden ndiyo iliyonikaa moyoni, kwa sababu ya sanamu zake. Kuna wachezaji watano wa shaba juu ya kitako chenye pembe tano, kila mmoja na kazi yake: wa ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, wa pasi, wa kufunga, wa kudunda mpira na wa kulinda. Aliyezichonga ni Don Winton. Wooden, aliyekuwa kocha, aliamini kwamba mchezaji asiyeyaweza yote matano bado hajakamilika.

Wooden alistaafu ukocha wa UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, mwaka 1975 akiwa na mataji 10 ya taifa, yote ndani ya miaka 12. Mwaka uliofuata klabu ikatangaza tuzo yenye jina lake, na yeye akataka darasa nalo lihesabiwe. Hadi leo anayepigiwa kura lazima awe na wastani wa masomo wa angalau 2.00 katika mizani yao inayoishia 4. Wapigaji kura ni waandishi na watangazaji wa michezo. Mshindi wa kwanza, mwaka 1977, alikuwa Marques Johnson wa UCLA hiyohiyo, kijana aliyekuwamo katika kikosi cha mwisho cha mzee.

Kutoka katikati ya jiji tulipanda basi namba 720, linalofuata Wilshire kuelekea magharibi. Nauli ni dola 1.75. Unagusisha kadi, mashine inalia, unaenda kukaa. Hakuna konda wa kukuambia usogee nyuma. Tulipita bustani ya MacArthur, tukapita Koreatown na mabango yake ya Kikorea, halafu mashimo ya lami ya La Brea, ambako tembo wa kale wa sanamu anazama kwenye lami bila kumaliza kuzama. Beverly Hills nayo ikapita. Mji huu ni mrefu kupita kiasi, na foleni yake Mbagala wangeitambua.

Ndani ya basi kazi yetu ilikuwa kubishana juu ya majina. Larry Bird aliichukua 1979, Michael Jordan 1984, Tim Duncan 1997. Kevin Durant, mwaka 2007, alikuwa wa kwanza kuichukua akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Kwa wanaume, waliowahi kuibeba mara mbili ni Ralph Sampson wa Virginia, 1982 na 1983, na Zach Edey wa Purdue, 2023 na 2024. Wote wawili ni warefu wa zaidi ya mita 2.2. Baba anasema kwa urefu ule hata yeye angeichukua. Nikamwambia Wooden asingempa mtu kikombe kwa ajili ya kimo, naye akanikumbusha kwamba Wooden hakuwa mpiga kura.

Tulishuka Westwood, tukapandisha kwa miguu hadi chuoni UCLA. Nje ya Pauley Pavilion, ukumbi uliofunguliwa 1965, mzee Wooden amesimama kwa shaba, mikono ameikunja, programu ya mechi ameisokota mkononi kama alivyokuwa akifanya kwenye benchi. Sanamu ni ya mwaka 2012, miaka miwili baada ya kifo chake. Alifariki akiwa na miaka 99. Sakafu ya uwanja wa ndani ina jina la Nell na John Wooden, na la mke limetangulia kwa sababu mzee mwenyewe alitaka hivyo. Nell alifariki 21 Machi 1985. Kila tarehe 21 ya mwezi mzee alikuwa akimwandikia barua na kuiweka kwenye mto wake wa kulalia. Wanaume wa kwetu wasome hapo polepole.

Makumbusho ya michezo ya chuo yako hatua chache kutoka hapo, na kuingia ni bure. Wamekijenga upya chumba chake cha kusomea, kile cha nyumbani kwake Encino: vitabu, fremu za picha, samani za mtu wa kawaida. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko kwenye vikombe 11 vya ubingwa. Cha 11 kililetwa na kikosi cha 1995, na katika kikosi hicho alikuwamo Ed O'Bannon.

Lakini kabla ya O'Bannon kuna Ann Meyers. Ndiye mwanamke wa kwanza kupewa na UCLA ufadhili kamili wa masomo kwa ajili ya michezo, na mwaka 1978 aliipa UCLA ubingwa wa taifa wa wanawake. Alicheza katika ukumbi huohuo, miaka ileile ya Marques Johnson. Tuzo ya Wooden hakupata, kwa sababu ya wanawake haikuwapo. Ilianza 2004 kwa Alana Beard wa Duke, miaka 27 baada ya ile ya wanaume. Mimi niliyecheza kikapu sekondari kwa viatu vya kuazima nasema hivi: sanamu zile tano zingeweza kuwa za Ann Meyers bila kubadilisha hata moja. Tangu hapo akina dada wameifidia: Candace Parker mara mbili, Maya Moore mara mbili, Breanna Stewart mara mbili, Caitlin Clark mara mbili.

Sasa O'Bannon. Katika fainali ya 1995 dhidi ya Arkansas alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 17, na mwaka huo ndiye aliyepewa tuzo. Miaka ikapita, akawa anauza magari Las Vegas. Siku moja kwa rafiki yake akaonyeshwa mchezo wa video, na ndani yake yumo yeye: upara wake, mkono wa kushoto, jezi namba 31 ya UCLA. Jina tu ndilo halikuwapo, na senti hakuwahi kuiona. Mwaka 2009 akaishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, na mwaka 2014 jaji akaamua kwamba kuwazuia wanamichezo wasipate chochote kutokana na majina na sura zao kunavunja sheria ya ushindani.

Wooden mwenyewe naye hakusalimika. Mwaka 2005 aliingia kwenye mvutano na klabu kuhusu haki za jina lake, hadi akataka liondolewe kwenye tuzo. Halikuondolewa.

Njia aliyoifungua O'Bannon ilizaa matunda Julai 2021, wanafunzi waliporuhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo. Msimu uleule akatokea Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa shaba na wa Kiswahili, aliyekwenda Marekani akiwa kijana na kuishia Chuo Kikuu cha Kentucky. Wastani wake ulikuwa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kila mechi. Kwenye mashindano ya taifa Kentucky walitolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, 85 kwa 79 baada ya muda wa nyongeza, ingawa yeye alifunga 30 na ribaundi 16. Bado alizoa tuzo zote kubwa za mwaka, ya Wooden ikiwamo.

Kasoro ilikuwa viza. Ya mwanafunzi wa kigeni haimruhusu kufanya kazi ovyo, kwa hiyo wenzake walipokuwa wakisaini mikataba, mchezaji bora wa nchi nzima alikuwa amefungwa mikono. Agosti 2022 Kentucky walikwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, akafanya biashara zake zote kwa mkupuo.

"Shangazi, viza hiyo ndiyo niliyo nayo," akasema Baba. Yeye anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo, naye huzimalizia kwenye kafeteria akiosha masufuria.

Nikamuuliza kama Bahamas wanahitaji waosha masufuria. Akacheka, akatazama simu, akasema basi la kurudi lipo baada ya dakika sita na zamu yake inaanza saa kumi na moja.