Miezi 11 ya kusaka dizeli kuukuu

Siku hizi nikienda kuangalia gari la mtu, mkono wa kulia unasalimia na wa kushoto unapapasa boneti. Ikiwa ya moto, moyo wangu unapoa. Maana yake gari limewashwa kabla sijafika, na nilichokuja kukiona kimeshafichwa.

Tabia hiyo nimeijenga katika miezi 11 ya kutafuta gari la dizeli la miaka mingi. Nilitaka gari la safari ndefu, linalobeba mzigo bila kulalamika, lenye injini ambayo mimi na fundi wangu tunaweza kuifungua kwa spana za kawaida. Watu hunisifu kwa subira, lakini ukweli ni kwamba gari langu dogo la petroli lilikuwa bado linatembea. Mtu anayekwenda kununua gari kwa miguu hununua la kwanza analoliona. Ingekuwa lile dogo limekufa mwezi wa kwanza, nisingekuwa na hadithi hii.

Gari la kwanza lilinipendeza mno. Boneti ilikuwa ya moto, na mwenye nalo akasema ametoka kulitia mafuta muda si mrefu. Aligusa ufunguo tu, likawaka. Nilishaanza kuhesabu pesa kichwani, fundi wangu akanivuta kando: "Turudi kesho alfajiri, na tusimwambie." Tukarudi. Ile injini ya jana haikuwapo. Stata ilizunguka, ikazunguka, kisha ukatoka moshi mweupe wa kuchoma macho, na injini ikawa inayumba kama meza yenye mguu mfupi. Baada ya dakika mbili tatu ikatulia, na jamaa akatutazama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Njiani fundi alinieleza kitu ambacho nilidhani nakijua. Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto wa kuweza kuwasha mafuta yanayopulizwa humo; ndivyo ilivyokuwa kwa injini ya mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel iliyojaribiwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na ndivyo ilivyo leo. Injini za petroli za zama za gari nililokuwa nalitafuta hubana hewa mara 9 au 10. Dizeli za wakati huo, zile zenye chemba ndogo ya kuanzia moto kichwani mwa silinda, hubana mara 21 au 22. Sasa ringi za pistoni zikilika, au vali zisipokaa sawasawa, hewa inavuja na joto halifiki. Injini ikishapata moto, chuma kinatanuka, mapengo yanapungua, na ugonjwa unajificha. Ndiyo maana dizeli husema kweli mara moja tu kwa siku, asubuhi, ikiwa baridi.

Lakini sikufanya jambo hilo kuwa msahafu. Hita plagi moja, yaani kile kichuma kinachopasha silinda joto kabla ya kuwasha, ikifa, hata gari lisilo na ugonjwa litasumbua asubuhi, na hita plagi ni kitu cha kubadilisha mchana mmoja. Tofauti huonekana baadaye. Ikiwa ni hita plagi, silinda moja inajikwaa kwa sekunde kadhaa kisha inashika. Ukitaka kujua kama ni kompresheni, yaani ule mbano wa hewa, imekwisha, acha injini ingurume, legeza kifuniko cha kumiminia oili na ukiache kimelala juu ya tundu lake. Kikichezacheza, ni kawaida kwa injini nyingi za aina hii. Kikirushwa, na moshi ukafuka humo kama birika, gesi za moto zinapita kwenye ringi, na hapo unazungumzia ovahoo, kuifungua injini nzima na kuijenga upya. Lile gari la kwanza lilirusha kifuniko.

Kuanzia siku hiyo kila muuzaji nilimwambia kwenye simu neno moja: tafadhali usiliwashe kabla sijafika. Huwezi kuamini sentensi hiyo ilivyonipunguzia safari. Wengine walikasirika. Mmoja aliniuliza kama nanunua gari au jokofu.

Wakati huohuo nilikuwa nachagua aina. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 lilitoka na mfumo wa komoni reli, bomba moja la pamoja linalogawa mafuta yenye shinikizo kubwa kwa silinda zote, la kwanza kwa magari madogo ya kuuzwa kwa watu, na baada ya hapo karibu kila kampuni ikafuata. Injini hizo ni tulivu, zina nguvu na hazinywi sana, sizibezi. Ila pampu yake inasukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu moja ya hewa tunayovuta, injekta zake, zile zinazopuliza mafuta silindani, zinaongozwa na kompyuta, na uchafu kidogo au maji kwenye mafuta huua seti nzima. Zikiwa mpya ni raha. Zikiwa na miaka 20 mikononi mwa watu watano ambao huwajui, ni bahati nasibu. Nikaamua kurudi nyuma zaidi, kwenye injini za pampu ya kimakenika, zile ambazo hazitegemei kompyuta ili ziendelee kunguruma.

Orodha yangu ikawa fupi: Toyota zenye injini ya 1HZ, mafundi wengi huijua kwa macho yaliyofumbwa; Volkswagen zenye dizeli ya lita 1.9 ya pampu ya kimakenika, na Mercedes-Benz za matoleo ya W123 na W124. Hapo kuna kijimtego. Mkanda au mnyororo wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, ukikatika kwenye dizeli, pistoni na vali hukutana, na hazikutani kwa amani. Mercedes hizo hutumia mnyororo. 1HZ na hiyo ya Volkswagen hutumia mkanda wenye umri wake, kwa hiyo "mkanda umebadilishwa lini?" ni swali la kwanza, na "hivi karibuni" si jibu. Bila risiti, nahesabu kuwa haujabadilishwa.

Nyumbani nilikuwa na daftari, kila gari ukurasa wake: namba ya chesi, kilomita, rangi ya moshi, maneno ya muuzaji. Nilionekana kituko, lakini daftari lile lilinilipa. Gari moja nililolikataa lilipotea sokoni kwa miezi miwili, likarudi kwa dalali mwingine likiwa limepungukiwa na kilomita 140,000. Sijawahi kuona gari linalokwenda kinyumenyume kwa bidii namna ile. Tangu hapo nikaacha kusoma kilomita kwenye dashibodi, nikawa nasoma raba ya pedali ya klachi, ubavu wa kiti cha dereva na usukani. Kiti kilichobonyea hakirudishwi nyuma na fundi wa mita.

Gari la tatu ndilo lililonifundisha kuhusu bodi. Injini safi kabisa, iliwaka baridi kwa pigo moja, na rangi iling'aa kiasi cha kujichania nywele. Nilikuwa na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa isikwaruze. Mlangoni ikanasa. Juu ya tairi la nyuma ikanasa. Kwenye kizingiti chini ya milango ikaanguka chini mara tatu. Palikuwa na puti tupu, hapana chuma. Nikainua zulia la upande wa abiria, likawa limelowa, na chuma kilichokuwa chini yake kililia kama karatasi nilipokibonyeza kwa mpini wa bisibisi. Injini ikifa unatafuta nyingine, siku tatu umefunga. Sakafu ikioza, unabaki na injini nzuri isiyo na mahali pa kukaa.

"Kaka, uamue haraka," muuzaji akaniambia. "Kuna mtu anakuja saa kumi, hela mkononi."

Nikamwambia basi ampe huyo wa saa kumi.

Magari ya nne hadi ya nane sina mengi ya kuyasema. Moja lilitoa moshi wa buluu kila likishuka mlima, dalili ya oili kupenya silindani. Lingine moshi mweusi mzito. Huo peke yake haukunitisha, kwa sababu chujio la hewa lililoziba au nozo za kupulizia mafuta zilizochoka hutoa moshi huohuo, lakini mwenye nalo hakutaka niliendeshe zaidi ya dakika tano. Jingine lilikuwa na oili ya rangi ya chai ya maziwa. Oili nyeusi kwenye dizeli si kosa, huwa nyeusi siku ileile uliyoibadilisha. Ya maziwa imekutana na maji, na sikusubiri kujua walikutania wapi.

Katikati ya miezi hiyo nilichoka. Nikaanza kujidanganya kwa hadithi za watu, kwamba dizeli za zamani hazifi, si unaona ile teksi ya Ugiriki, Mercedes 240 D ya 1976, iliyotembea kilomita milioni 4.6 na sasa iko kwenye makumbusho ya kampuni kule Stuttgart? Teksi hiyo ipo kweli. Wanachokiacha wasimulizi ni kwamba ilikuwa na injini zaidi ya moja, zikipokezana, moja kazini nyingine ikitengenezwa. Kilichodumu ni yule dereva na utunzaji wake. Nikawa sasa natafuta mwenye gari kwanza, gari baadaye.

Nilimpata mwezi wa 11. Mzee mmoja mstaafu, W124 ya 1990, 250 D, injini ya silinda tano ya lita 2.5 isiyo na turbo. Kwenye simu nilimpa neno langu la siku zote. Akajibu, "Mwanangu, sijaliwasha tangu Jumanne."

Boneti ilikuwa baridi kama jiwe. Mzee akafungua ufunguo nusu, akasubiri taa ya hita izime bila kuharakisha, akapiga stata. Likawaka, likajikwaa kidogo, likashika. Kabla sijauliza lolote akaanza kunisomea makosa yake: silinda moja hita plagi imekufa, ukizima, injini inachelewa kunyamaza kwa sekunde tatu nne, kiyoyozi hakifanyi kazi, na pana kutu pale jeki inapoingia upande wa kushoto. Lile la kuchelewa kuzima lilinifurahisha, kwa sababu kwenye gari hizo injini huzimwa kwa mvuto wa hewa kupitia vimpira vyembamba, na kimpira kimoja kikipasuka ndivyo inavyokuwa. Ni kazi ya kimpira tu. Kwenye sanduku la mbele alikuwa na risiti za oili zilizofungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka. Dashibodi ilisoma kilomita 412,000 na kitu, na raba ya pedali ilikubaliana nayo.

Fundi wangu alipima kompresheni kwa ruhusa ya mzee. Silinda zote tano zilikuwa kati ya bar 24 na 26, bar ikiwa kipimo cha shinikizo. Vitabu vya injini hiyo havitaki silinda zipishane kwa zaidi ya bar 3, na mimi zaidi ya ukubwa wa namba nilitaka huo usawa. Kisha tukaliendesha karibu saa nzima, fundi nyuma yetu na gari langu dogo akitazama moshi. Sindano ya joto ilipanda, ikasimama, haikutikisika hata kwenye mlima. Bei tuliizungumza kwa utulivu, nikimwondolea thamani ya makosa aliyoyataja mwenyewe na si zaidi. Kumbana mtu aliyekuambia ukweli ni kumfundisha asiseme kweli kwa mwingine.

Sikuzitumia pesa zote. Robo ya bajeti niliiacha kando tangu mwanzo, na ililiwa yote: oili na machujio, maji ya rejeta, mipira ya breki, hita plagi zote tano kwa pamoja, na matairi. Tairi zilikuwa na vina vizuri, lakini tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka, zilionyesha zina miaka 11.

Wiki ya tatu likanigomea. Lilikuwa linawaka, linazima, linawaka tena kwa shida. Nikadhani nimepigwa kama wengine. Fundi akainama kwenye kile kichujio kidogo cha plastiki kinachopitisha mwanga, akaniita nione: mapovu yalikuwa yakipita humo moja baada ya jingine. Vimpira vya mafuta vilikuwa vimekauka kwa uzee, usiku vinavuta hewa, na mafuta yanarudi tangini. Tukabadilisha vyote mchana huo, na kesho yake likawaka kwa pigo moja. Ni gari la 1990, raba haina habari na ubingwa wa injini.

Silitetei kwa kila kitu. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na mji kama London hutoza ada magari ya umri huu yakiingia. Anayeishi katikati ya mji wa aina hiyo, na safari zake ni za dakika kumi, asinifuate mimi. Langu halipashwi moto likiwa limefungiwa ndani, na safari fupi nazifanya na lile dogo la petroli, ambalo sijaliuza.

Mwezi uliopita simu iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa yule wa gari la tatu. Bado analo, alisema, na sasa anaweza kunifikiria bei. Nikamuuliza yule mtu wa saa kumi alikwama wapi. Akacheka, akasema mambo yalikuwa mengi. Nikamuuliza tena, zulia la upande wa abiria limekauka?

Akakata simu.