Hawa ndege wanapumua

Leo siku ya nne, na swali la mjomba bado linanizunguka kichwani.

Alikuja Jumapili, harusi ya mdogo wetu ikiwa imepita salama (picha nitaweka). Nikamketisha kwenye kile kiti changu, katikati ya spika mbili, nikamwekea santuri ya *Exotica* ya mpiga piano Martin Denny na bendi yake, ile ya mono (sauti ya mkondo mmoja) ya 1957. Nikapitisha brashi, nikashusha sindano mpya polepole, nikakaa pembeni nimtazame uso. Mnanijua: utamu wa santuri zangu nauona usoni mwa mgeni.

Piano ikaanza, vibrafoni (ile kama marimba, ya chuma) ikadondoka juu yake kama matone, halafu wale ndege wakalia. Mjomba kafumba macho. Wimbo ulipoisha akauliza:

"Mbona hawa ndege wanapumua?"

"Si ndege mjomba, ni mpiga ngoma wao, Augie Colon, anaigiza."

"Najua ni mtu. Nimesema anapumua."

Basi. Akaomba maji.

Na huyu ni mtu anayevaa kifaa cha kusikilizia! Mimi niliyesogeza spika kwa rula, nikapima uzito wa sindano hadi gramu mbili, sijawahi kusikia pumzi. Tangu Jumapili nimerudia labda mara thelathini. Nikajaribu ile ya stirio (mikondo miwili) waliyoirekodi upya 1958, mpiga vibrafoni wao Arthur Lyman keshaondoka na nafasi yake anayo Julius Wechter. Wapi. Nikarudi kwenye mono. Wapi. Nikaanza hata kumkasirikia mzee wa watu, eti kaja kuniharibia santuri.

Jana usiku nikazima taa, nikapunguza sauti, nikaacha kutafuta. Kabla ya mlio mmoja, kitu kidogo: hhh, kama mtu anayevuta hewa apulize kaa. Au ni vumbi tu kwenye mfereji wa santuri, sijui. Nilicheka peke yangu gizani. Sasa ndege siwasikii kabisa, namsikia mwanamume kasimama mbele ya maikrofoni, anajaza mapafu ili awe kasuku kwa nukta mbili. Nimempenda kuliko nilivyowapenda ndege.

Mjomba nitampigia kesho, nikubali yaishe. Leo siwezi, paka hajagusa chakula tangu juzi na jicho lake moja linatoa machozi.