Kamera ya sola ya bei nafuu inafaa, ila paneli igeuzeni kaskazini

Anayesema kamera za sola za bei nafuu ni midoli hajaona iliyofungwa sawasawa. Yangu ni ile ya kuzunguka, ya kuweka laini ya simu, niliinunua Kariakoo kwa laki na kitu. Nyumba iko Mlandizi, umeme haujafika kiwanjani na waifai hakuna, kwa hiyo zile za waifai hata sikuziuliza bei.

Kilichonichosha ni ushauri. Fundi alisoma karatasi ya kwenye boksi, imeandikwa paneli ielekee kusini, naye akaielekeza kusini, imesimama karibu wima. Ilikuwa Juni. Nikamuuliza, "Fundi, mbona jua lenyewe liko upande wa pili?" Akanijibu, "Mama, waliotengeneza ndio wanajua." Basi chaji ikawa inashuka kila kukicha mpaka kamera ikazima. Dukani nako wakaniambia betri imekufa, nilete hela ya nyingine.

Betri ilikuwa nzima! Karatasi ile waliandikiwa watu wanaoishi mbali kaskazini ya ikweta, ambako jua la mchana hukaa kusini. Sisi wa Pwani tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua limeegemea kaskazini nyuzi kama 30 kutoka utosini. Desemba linahamia kusini, lakini kwa nyuzi 16 au 17 tu. Paneli ya kukaa mwaka mzima inatakiwa ilale, imeinama kidogo kuelekea kaskazini, na mwinamo huo huo unasaidia mvua kuosha vumbi.

Nikapanda ngazi na mwanangu. Tukaichomoa paneli kwenye kamera, tukaipeleka juu ya bati kwa waya wake wa mita kama tatu, kamera ikabaki chini ya upenu. Kupima mwinamo nilitoboa kifuniko cha chupa ya maji, nikapitisha msumari katikati ukasimama wima, nikakiweka juu ya kioo cha paneli saa sita juu ya alama. Kivuli cha msumari kikalala kwenye kioo, kirefu tu. Tukainua paneli upande mmoja polepole, kivuli kikawa kinafupika, kinafupika, mpaka kikapotelea chini ya msumari wenyewe. Hapo paneli inalitazama jua uso kwa uso. Kisha nikaishusha nusu ya mwinamo ule, kwa ajili ya Desemba, tukakaza skrubu. Tawi la mwembe tulilikata pia, maana kivuli kikifunika hata kipande kidogo cha paneli, umeme unashuka sana. Tangu siku hiyo haijazima.

Ila jueni mnachonunua. Kamera hizi hazirekodi muda wote. Zinalala, zinaamshwa na joto la mwili linalopita mbele yake, zinachukua kipande kifupi, zinalala tena. Ifunge mita mbili na nusu hivi kutoka chini, mahali mtu atakatiza mbele yake, kwa sababu anayeijia moja kwa moja inachelewa kumhisi. Mchana wa joto kali, hewa inapokaribia joto la mwili, inaweza kumkosa mtu. Usiku ndipo kazi yake.

Na usiku ilifanya kazi. Simu ililia niko Dar, nikamwona kijana ameinamia pampu ya kisima. Nikabonyeza spika: "Wewe mwenye kapelo, acha hiyo pampu!" Aliruka ukuta akaacha spana chini. Video nikamrushia mjumbe usiku ule ule.

Taa nyeupe ya usiku izimeni. Inakula chaji, inaita wadudu, wadudu wanaita buibui, na utando ukipeperuka mbele ya lenzi picha za usiku zinaharibika. Kuangalia moja kwa moja kunamaliza bando, mimi nafungua tahadhari ikija. Betri ikichoka kweli, msinunue zile za mviringo za saizi ya 18650 zilizoandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ni uongo, za kweli nyingi haziendi mbali zaidi ya 3,500.

Na dukani ombeni kamera ambayo paneli yake inachomoka na ina waya mrefu. Iliyogandishwa juu ya kamera ikataeni, kwa sababu ukutani inabaki chini ya kivuli cha bati, hata mngeielekeza wapi.