Wewe Unashuka, Yeye Anapanda

Nimerudi Tanga tangu Jumapili usiku, leo ni Jumatano, na bado maneno ya Mzee, baba yangu, yananifuata chumba kwa chumba kama mtoto aliyekatazwa kwenda sokoni. Nilidhani safari ingeyamaliza, kwa sababu kwa kawaida mambo ya nyumbani hulegea kadiri basi linavyoteremka kona za Soni, na nikifika Mombo, joto linaponipokea na mashamba ya mkonge yanapotandaa pande zote, huwa nimeshasahau nusu ya yale niliyoyakasirikia. Safari hii nilipita Korogwe, nikapita Segera, nikapita Muheza, nikafungua mlango wangu, na maneno yale yakaingia pamoja nami.

Jambo lenyewe ni dogo. Nilipanda nyumbani kwetu, milimani Lushoto, kwa ajili ya posa ya mdogo wangu, ambayo ilipokelewa vizuri na wazee wakaelewana bila kelele, na katikati ya wiki matokeo ya kidato cha sita yakatoka na mtoto wa shangazi akafaulu. Hayo ndiyo niliyopaswa kuyaandika. Lakini Ijumaa asubuhi, kwenye ukungu ambao mtu wa pwani hawezi kuuamini mwezi wa saba, yalikuwapo magunia 11 ya viazi yamelazwa kando ya barabara chini ya turubai, yakisubiri lori linalotoka Lukozi, na mimi nilikuwa na mizani.

Ni ile mizani ya kuning'iniza niliyoinunua kwa ajili ya kliniki za mkoba, zile ambazo sisi wauguzi huwafuata watoto walipo, yenye uso wa duara, ambayo ukomo wake ni kilo 25. Niliibeba kwa sababu wifi yangu ana mtoto mchanga na nilitaka kumpima bila kumtembeza hadi zahanati. Mtoto nilimpima, yuko vizuri, na mambo yangeishia hapo kama nisingepita kando ya yale magunia na kuviona vichwa vyake. Asiyewahi kuona lumbesa aelewe hivi: gunia likishajaa hadi mdomoni halifungwi, bali huongezewa juu kilima kingine cha viazi, kilima hicho kikashikiliwa kwa kamba zilizofumwa kama wavu, na majani yakashindiliwa kwenye matundu ili kiazi kisichomoke. Kwa mbali gunia hilo linafanana na mtu mnene aliyevaa kofia iliyombana. Bei, hata hivyo, ni ya gunia moja.

Nilimwita binti wa kaka yangu, tukalifungua gunia moja, nikaitundika mizani kwenye tawi la mgrivea ulio mpakani, na tukaanza kupima viazi kwa ndoo ya lita 20, ndoo baada ya ndoo, huku yeye akiandika nyuma ya daftari lake la hisabati. Nimezoea kusubiri mshale utulie, kwa maana watoto hurusha miguu na mshale hucheza nao. Viazi havirushi miguu. Mshale ulikuwa ukipanda na kusimama palepale, kilo 16, toa moja ya ndoo, andika 15. Tena 16, toa moja, andika 15. Na kila mara yule binti alitamka namba kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Ndoo tisa zilijaa, na mabaki yakawa kilo mbili. Jumla ilikuwa kilo 137.

Sheria ya vipimo inataka mfuko wa mazao usizidi kilo 100. Nilizidisha ziada kwa magunia 11, nikapata kilo 407, yaani magunia manne kamili na kilo saba ambazo baba yangu alizipalilia, akazipulizia dawa ya ukungu, akazifukua kwa jembe akiwa ameinama, kisha akampa mtu mwingine bure. Dalali alipofika nilikuwa nimesimama kando ya barabara na daftari mkononi.

"Kaka," nilimwambia baada ya salamu, "gunia hili lina kilo 137. Hili si gunia moja."

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Mzee kwa adabu zote, akatabasamu, akasema, "Mzee wangu, leo umeniletea afisa vipimo?" Kisha akaongeza, kama anayenisaidia, "Utoe na udongo, dada. Udongo nao una uzito."

Mzee alikuwa amechuchumaa, anakaza kamba za lile gunia tulilolijaza upya. Hakuinua uso. Alisema, "Mama, wewe Jumapili unashuka. Huyu ndiye anayepanda."

Basi. Hakusema kingine, na wala hakukikariri alichosema. Makuli wakaanza kupakia, nami nikaingia jikoni kumsaidia mama chai ambayo ilikuwa imeshaiva.

Tangu hapo nimemjibu mara nyingi sana. Kwenye basi, kabla hata ya kufika Soni, nilimwambia kwamba dalali anapanda kwa sababu viazi viko juu, hapandi kwa kumpenda yeye. Kulifaa kidogo. Jumatatu nilimwambia kwamba na mimi napanda, kila Julai na kila Desemba, kisha nikahesabu nikaona ni mara mbili kwa mwaka, na lile lori hupanda kila wiki ya msimu, na jibu likanifia mdomoni. Jana usiku, nikiwa nakosha vyombo, nilimwambia kwa sauti, "Ni nyie mlionishusha!" Hilo ndilo la kweli zaidi na ndilo nisingethubutu kulitamka mbele yake, kwa sababu aliuza shamba la bondeni ili nisome uuguzi, na mtu hawezi kulipiwa nauli ya kushuka kisha akalalamika kwamba ameteremka.

Kinachoniuma zaidi ni lile neno "mama". Angenikaripia ningejua pa kuiweka karipio hiyo. Aliniita kwa jina la heshima analoniita tangu nikiwa mdogo, halafu kwa sauti ileile akaniweka upande wa wageni, mbele ya dalali na mbele ya mtoto mwenye daftari. Kazini nako sijatulia. Juzi nilijikuta nimeandika 13.7 kwenye kadi ya mtoto wa miezi saba, na mama yake, ambaye ni mwepesi wa macho kuliko mimi, akauliza kama mwanawe amegeuka ndama. Tulicheka, nikakata na kuandika 7.3, na hiyo ndiyo wiki ambayo kiongozi wetu wa zamu amehamishwa na sisi sote hatujui nani anakuja.

Nikijisoma hapa juu naona kwamba nimekuwa nikiirudia Ijumaa na kuiruka Jumamosi, na kufanya hivyo si kumtendea Mzee haki.

Jumamosi jioni kulikuwa na baridi ya kung'ata, na sote tulikuwa jikoni tumeuzunguka moto. Mzee aliniuliza, bila kunitazama, nilipata kilo ngapi. Nikamwambia 137. Akasema yeye alipata 140 kasoro, akieleza kwamba huhesabu ndoo wakati wa kujaza, ndoo tisa na kisado, na ya kuwa amefanya hivyo kwa kila gunia tangu lumbesa ilipoingia. Alikuwa anajua. Mimi nilikuwa nimebeba chombo cha chuma kutoka Tanga ili nimfundishe baba yangu namba aliyokuwa nayo kichwani.

Kisha akanipa hesabu nyingine. Lumbesa ameiuza shilingi 65,000. Mwaka jana alikuja mnunuzi mwingine, muungwana, mwenye kutaka magunia ya kilo 100 yaliyoshonwa vizuri kwenye mdomo, na bei yake ilikuwa shilingi 45,000. "Wewe si una daftari," alisema. Nililichukua daftari la yule binti na kuhesabu kwenye mwanga wa moto. Kwa lumbesa, kilo moja ilikuwa inakwenda kwa shilingi 474 na ushee. Kwa muungwana, shilingi 450. Mzigo mzima wa Ijumaa, ungegawanywa katika magunia 15 ya halali, ungeleta shilingi 675,000 badala ya 715,000 alizozishika mkononi. Nilirudia mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Mzee alinyamaza kwa ule unyamavu wake ambao ni sawa na kucheka.

Sisemi kwamba lumbesa ni haki. Mzigo ule ukifika sokoni huko chini huuzwa kwa kilo na kwa mafungu, na kilo 37 hizo humpatia mtu fedha ambayo haiwezi kupanda tena mlima. Tena makuli wanaobeba kilo 137 mgongoni ni vijana ambao nitawapokea hospitalini wakiwa na miaka 40. Hayo niliyasema Jumamosi na Mzee hakuyapinga. Alisema tu kwamba sheria iko barabarani na yeye yuko shambani, na kati ya shamba na barabara kuna mtu mmoja mwenye lori. Akanikumbusha mwaka ule udongo ulipoporomoka na kuifunga njia yetu, kabichi zikaoza hadi kijiji kizima kikanuka, na yule dalali ninayemwona mnyang'anyi akaliacha lori lake upande wa pili wa maporomoko, akavuka kwa miguu na makuli wake, wakabeba viazi vyetu kichwani. Alilipa nusu bei, ndiyo. Wengine hawakulipa chochote kwa kuwa hawakuja.

Halafu Mzee akaingia kwenye historia, kama ilivyo desturi yake akishaona ameshinda. Alianza na matuta. Babu alikuwa akimsimulia jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu wa Mlalo, baada ya Vita Kuu ya Pili, kuchimba matuta shambani ili udongo usichukuliwe na mvua, na jinsi watu walivyoyachukia hadi mpango wenyewe ukaachwa. Katika miaka ya 1980 wakaja wataalamu wa mradi wa hifadhi ya udongo, wapole zaidi, wakiwa na miche ya mgrivea na majani ya kupanda kwenye kingo, na hao Mzee anawasifu, kwani tawi nililotundikia mizani ni la mche wao. Lakini nao walishuka. "Hata Mjerumani," alisema, akichochea moto, "aliyeiita Lushoto Wilhelmstal akidhani atakaa, naye alishuka." Mama akamwambia aache kunifananisha na Wajerumani. Ndipo nikacheka, na nadhani ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo.

Asubuhi ya Jumapili, begi langu likiwa mlangoni, aliniambia niiache ile "saa" yangu, yaani mizani. Nilidhani ametania. Alisema hataki ugomvi na mtu, na dalali atapewa lumbesa yake kama kawaida, ila ndoo humdanganya viazi vikiwa na udongo mbichi, naye anataka kujua barabara anachompa. Niliirudisha kwenye tawi mimi mwenyewe, nikamwonyesha skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri, naye akaizungusha mbele na nyuma kwa dole gumba lililopasukapasuka, polepole, mpaka mshale ukalala juu ya mstari. Nitanunua nyingine mwisho wa mwezi.

Jana yule binti alinipigia kwa simu ya mama yake kunipa taarifa rasmi. Mzee amempima jogoo, kilo tatu. Amepima mwana mbuzi, ambaye hakupenda. Majirani wanaleta watoto, na wifi amegeuka karani. Dalali naye alipita asubuhi kuangalia kabichi, akasimama chini ya mgrivea, akaitazama mizani kwa muda mrefu, akauliza inauzwa wapi, akaenda zake. Nilimwuliza binti Mzee alimjibu nini. "Babu alisema atamwuliza shangazi akipanda."

Akipanda! Nimelishikilia neno hilo tangu jana, nalo sijui nilifanyie nini, kwa sababu halilifuti lile la Ijumaa. Yamekaa pamoja tu, moja la kushuka na moja la kupanda, na Desemba iko mbali.

Wakati huohuo paka wangu hajaonekana. Jirani anasema alimwona mara ya mwisho Alhamisi juu ya tangi la maji, siku moja kabla ya haya yote, na dagaa nilizomwekea Jumapili usiku ziko vilevile kwenye kisahani, zimekauka na kujikunja. Nimezunguka uchochoro mara mbili nikimwita kama mwehu. Nimeliacha dirisha la jikoni wazi kwa usiku wa tatu sasa, na mbu wanaingia.