Tangawizi nayo imekuwa tusi

Mwanangu wa miaka tisa amerudi kutoka shule leo kanuna. Tuko Leeds, Uingereza, nikajua tu ni mambo ya rangi yake tena. Kumbe si yeye, ni rafiki yake, Mzungu mwenye nywele nyekundu. Wenzake wamemmwagia juisi kichwani, eti wanamkoleza. Jina lake shuleni ni "Ginger", yaani tangawizi, ndivyo Waingereza wanavyowaita wenye nywele nyekundu. Jamani, mimi tangawizi naijua kwenye chai!

Jioni mama yake akaja kwangu kumchukua. Naye nywele nyekundu, nyusi nyepesi kama hazipo. Akaniambia usichana wake wote alizipaka rangi nyeusi, sinki la nyumbani kwao likabaki na madoa mpaka mama yake akachoka kusugua. Na chanzo kikubwa cha nywele hizo ni mabadiliko kwenye jeni moja tu, MC1R. Mtoto anayarithi kwa baba na kwa mama, hata kama wazazi wote wawili wana nywele nyeusi.

Mtoto mwenyewe alikuwa kwenye kochi anakula chapati, nywele bado zinanata. Wangu akamletea kofia yake. Akaikataa.