Bumu likiingia na wezi nao wanaingia

Jamani bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi wa chuo, limetoka wiki hii na bloku yetu ya hosteli imeshalia tayari. Jana asubuhi rumumeti wangu kaenda kuoga, mlango kaurudishia tu maana bafu si liko palepale mwisho wa korido, mimi niko kipindini, karudi laptopu hakuna, chaja imeachwa inaning'inia ukutani. Majirani wanasema walimuona kijana kavaa ndala ana taulo begani, sasa hosteli nani atamshtukia mtu mwenye taulo??

Wengi wao hata hawavunji mlango, anagonga kwanza, ukiitika anauliza "Juma yupo?", usipoitika anazama ndani.

Polisi wakamuuliza rumumeti serio namba ya laptopu, hana, risiti hana, kaishia kuelezea stika ya Simba iliyobandikwa kwenye mfuniko (askari mwenyewe Yanga, kacheka). Kwenye simu angalau kuna afadhali, piga *#06# sasa hivi uandike hiyo IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu yako, kwenye daftari, sio unaisevu kwenye simu hiyohiyo, maana kuna watu humu nawajua. Na laini iwekeni PIN yake, mwizi akiichomoa akaiweka kwenye simu nyingine meseji zote za kubadilisha pasiwedi zinaenda kwake, utashangaa hadi imeili imeondoka.

Sisi tumeshanunua kufuli letu wenyewe, kitasa cha hosteli kimepita mikono ya wanafunzi kibao na funguo walichongesha, nani alizirudisha? Na nyie mnaoanika jinzi usiku kucha pale nyuma ya kantini, haya endeleeni.